OpenMC ndani ya kinu cha Fermi: tathmini ya mtumiaji

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikitumia OpenMC, programu huria ya kuiga mwendo wa nyutroni iliyoanzishwa katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 2011, kuiga Chicago Pile-1, kinu cha kwanza cha nyuklia, ambacho Enrico Fermi na wenzake walikiwasha tarehe 2 Desemba 1942 chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa Stagg Field, Chicago. Kinu hicho kinaifaa programu hii mno. Siku hiyo kilifanya kazi kwa nusu wati tu, bila mfumo wowote wa kupoozea, hivyo hakuna hesabu za joto za kuhangaikia. Na tabaka zake 57 za matofali ya grafiti zilibeba urani kwa mpangilio unaojirudia kila baada ya sentimita 21 hivi, kiasi kwamba unaeleza kipande kimoja kisha unaiagiza programu ikirudie.

OpenMC humfuata kila nyutroni tangu azaliwe hadi afyonzwe au atoroke, ikibahatisha kila mgongano kwa kutegemea data zilizopimwa maabara. Ubora huo una gharama yake, kwani ukitaka kosa la takwimu lipungue kwa nusu, sharti uongeze nyutroni mara nne. Mmenyuko mfululizo hujiendesha pale kila kizazi cha nyutroni kinapozaa kingine kisichopungua, yaani uwiano wao unapofika 1; Fermi alivuka kizingiti hicho kwa 0.0006 tu, na ili nipate jibu lenye maana katika nafasi finyu kiasi hicho, kompyuta yangu mpakato ilikesha ikinguruma.

Hata hivyo, kilichonisumbua zaidi kilikuwa grafiti. Mara ya kwanza niliiandika kama kaboni tupu, bila uchafu wa boroni uliomo katika grafiti halisi, na kinu changu kikachangamka kuliko kile cha Chicago. Boroni-10 hufyonza nyutroni za mwendo wa polepole zaidi ya mara 1,000,000 kuliko kaboni, kwa hiyo gramu 1 ya boroni ya kawaida ndani ya tani 1 ya grafiti huongeza ufyonzaji wake kwa takriban robo. Programu haitakuuliza kama grafiti yako ni safi. Inapokea unachoandika na kukurudishia jibu lenye tarakimu tano, kosa likiwa limejificha humo humo. Vivyo hivyo usisahau mstari wa c_Graphite, unaoieleza programu namna fuwele za grafiti zinavyotawanya nyutroni za polepole. Mimi niliusahau, nikapoteza siku mbili.

Usitarajie vitufe vya kubofya: modeli huandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na data za nyuklia hupakuliwa kando. Michoro ya mkato wa kinu, kwa upande mwingine, hutoka safi, na ndiyo iliyonionyesha kwamba nilikuwa nimeacha upenyo kati ya tabaka mbili.

Mwalimu wa fizikia ningemshauri aitumie bila kusita, ila aanze na kipande kimoja cha urani na grafiti yake, akibadilisha kiwango cha boroni kidogo kidogo, kabla hajathubutu kujenga kinu kizima.