Programu ya uigaji iliyonigeuzia majibu kimyakimya, kisha wakaniambia modeli yangu ndiyo mbovu

Naandika nikiwa bado na hasira. Mtu akiniuliza leo kama anunue programu hii ya kuiga mwenendo wa kiwanda, nitamwambia asithubutu. Sizungumzii sura yake wala mambo mengi inayoweza kufanya, hayo kila mtu anaweza kuyasoma mwenyewe. Nazungumzia jambo moja: walibadilisha namna inavyohesabu kuharibika kwa mashine, hawakumwambia mtu, na nilipouliza nikajibiwa kama mtoto aliyekosea hesabu darasani.

Kazi yangu ni kujenga modeli za mistari ya uzalishaji, yaani kiwanda cha kuigiza ndani ya kompyuta. Malighafi inaingia, inapita mashine hii na ile, inasubiri, inafungashwa, inatoka. Msimamizi anataka kujua: nikiongeza mashine moja hapa, napata nini? Je, nikiongeza nafasi ya kusubiria katikati? Majibu haya yanageuka kuwa mashine halisi zinazonunuliwa na kufungwa sakafuni, na ikishafungwa huwezi kurudi kusema samahani, kompyuta ilinidanganya.

Modeli niliyokuwa nayo ilikuwa imeshapimwa. Tuliilinganisha na kumbukumbu za kiwanda chenyewe mpaka mafundi wa zamu, watu wasiopenda kabisa mambo ya kompyuta, wakakubali kwamba ndivyo mambo yalivyo pale. Kisha likaja toleo jipya. Nikalisakinisha, nikafungua modeli ileile, data zilezile, namba ya mbegu ileile (ile ya kuanzishia bahati ndani ya programu), nikaiendesha. Uzalishaji ukashuka. Haukushuka sana, na ubaya uko hapohapo. Ungeshuka nusu, ningeshtuka papo kwa papo. Ulishuka kiasi ambacho mtu mwenye haraka angekipokea na kukiweka kwenye ripoti.

Namba nasibu, yaani za kubahatisha, za programu kama hizi hutoka kwa kanuni. Ukianza na mbegu ileile, unapata mfuatano uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo jibu likibadilika, kuna kitu ndani kimebadilika. Nikadhani labda wamebadilisha kanuni yenyewe ya namba, jambo ambalo si kosa. Nikarudia majaribio kwa mbegu nyingi tofauti. Wastani ukabaki kulekule chini. Bahati haikuhusika.

Basi nikapunguza mwendo wa mchoro wa modeli kwenye skrini, nikaikazia macho mashine ya kufungashia. Saa ya modeli ilionyesha usiku. Zamu imekwisha, hakuna mfanyakazi, hakuna hata boksi moja mbele ya mashine. Ghafla ikawa nyekundu. Imeharibika. Imeharibika ikiwa imezimwa! Fundi hayupo mpaka asubuhi, kwa hiyo zamu inapoanza maboksi yanaanza kurundikana mbele ya mashine iliyovunjika usiku bila kugusa kitu. Nikairudisha nyuma nikaitazama tena, na tena.

Muda kati ya hitilafu moja na nyingine unaweza kuhesabiwa kwa namna mbili. Unaweza kuhesabu saa ambazo mashine inafanya kazi tu, au ukahesabu saa zote za ukutani, mashine iwe inafanya kazi au imelala. Zote mbili zina mahali pake. Kisu cha kukatia huchakaa kwa kukata, hakichakai kikiwa kimesimama. Umeme ukikatika haujali kama mashine ilikuwa na kazi. Anayejua ipi inafaa ni yule aliyejenga modeli, aliyekaa na mafundi akawauliza. Mimi nilikuwa nimeweka alama kwenye kisanduku cha saa za kazi kwa mkono wangu mwenyewe, mashine moja baada ya nyingine. Baada ya toleo jipya, visanduku vyote vilikuwa vitupu. Hakuna onyo lililotokea, na kwenye maelezo ya toleo hakuna hata mstari mmoja unaolitaja jambo hilo.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Niliambatanisha modeli, picha za skrini, na maelezo ya kila hatua. Jibu: "Ndugu mteja, tunashauri ukague data zako." Nikaandika tena. Jibu lilelile. Nikapiga simu.

"Umesoma mwongozo?" ndilo swali la kwanza alilonitupia mhudumu, hata salamu hajaimaliza. Nikamwambia nimeusoma, na ukurasa wa hitilafu za mashine bado unaeleza utaratibu wa zamani. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema watumiaji wengine hawajalalamika, kwa hiyo kosa liko kwenye modeli yangu. Nikaomba kuzungumza na fundi wa programu. Akasema mafundi hawazungumzi na wateja, akakata simu. Baadaye nikapokea ujumbe kwamba ombi langu limefungwa kwa kuwa limetatuliwa, na ninaombwa nitoe alama za kuridhika.

Wengine hawajalalamika! Watajuaje? Programu inatoa jibu zuri, lenye chati, lenye wastani na mipaka ya uhakika juu na chini. Mipaka hiyo inakuambia tu bahati ya namba imekuyumbisha kiasi gani. Haikuambii kama modeli inasema kweli. Rudia jaribio mara elfu, mipaka itakuwa myembamba na ya kupendeza, lakini itazunguka jibu lilelile potofu. Watu wanaamua mambo makubwa kwa majibu hayo hivi sasa, na aliyelipwa kuwasikiliza anawaambia wasome mwongozo.

Sasa niseme na upande wa pili, maana haki ni haki. Injini ya programu hii, inapofanya kazi sawasawa, sijaona ya kuizidi. Jedwali la wastani haliwezi kukuonyesha foleni inavyokua. Chukua mfano wa msingi kabisa wa nadharia ya foleni: mashine moja, kazi zinafika bila mpangilio, na muda wa kila kazi nao hauna mpangilio. Mashine ikishughulika asilimia 80 ya muda, kwa wastani utakuta pale kazi 4, pamoja na ile iliyo mkononi. Ikifika asilimia 90, utakuta 9. Ikifika asilimia 95, utakuta 19. Kwenye modeli tulikiona hicho kwa macho. Kila mtu alikuwa akiilaumu mashine kubwa, kumbe kazi ilikuwa inakwama kwenye meza ya ukaguzi, ambayo hakuna aliyewahi kuitilia shaka. Bila programu hii tungenunua mashine ambayo isingesaidia kitu. Kwa ajili ya ugunduzi huo peke yake nilikuwa nikiisifu kwa kila niliyekutana naye, na nilikuwa sahihi kuisifu.

Lakini zitazame tena hizo namba. Mashine iliyo kwenye 90 ukiipunguzia saa chache tu za kufanya kazi, inasogea kwenye 95, na kilichokuwa kikisubiri kinazidi maradufu. Ndivyo uharibifu wa usiku, ambao haukutokea, unavyoweza kusababisha kiwanda kizima kipangwe upya. Hawakugusa pambo la skrini, waligusa saa. Na saa ndiyo kila kitu katika kazi hii tangu Geoffrey Gordon wa IBM alipotoa GPSS, programu ya uigaji, mwaka 1961, na wakina Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard kule Norway walipotengeneza Simula, lugha ya kompyuta ya uigaji, katika miaka hiyohiyo ya 60: saa inaruka kutoka tukio hadi tukio, na kila kinachofuata kinategemea imeruka vipi. Kampuni inayouza uigaji haiwezi kuichukulia saa kama jambo dogo.

Nilikusudia kutoa nyota tatu kwa heshima ya injini. Baada ya kuandika habari ya ile simu, natoa moja.

Kama tayari unayo, usisakinishe toleo jipya katikati ya mradi. Kama umeshasakinisha, fungua kila mashine ukaangalie kisanduku cha hitilafu, usiamini kilichokuwa jana. Weka modeli moja ndogo ambayo jibu lake unaweza kulipiga kwa karatasi, hata ile ya mashine moja na foleni yake, uiendeshe kila wanapobadilisha chochote. Kisha waandikie. Mimi ombi langu nimelifungua tena, nimeambatanisha video ya ile mashine ikiharibika usiku, na nitalifungua kila watakapolifunga.