Ripoti ya GIA, HCA na Ideal-Scope: nyenzo tatu za kuchuja almasi ya duara kwa pete ya uchumba

Anayetaka kuboresha pete ya uchumba kwa kawaida huanza na neno moja: kubwa zaidi. Muuzaji naye humpa karati, yaani uzito. Kinachofanya jiwe la duara liwake kidoleni ni ukataji wake, na kuna nyenzo tatu zinazokuonyesha ukataji huo kabla hujalipa. Hazina thamani sawa.

Ripoti ya GIA, taasisi ya Marekani inayopima na kupanga madaraja ya almasi, ni ya lazima. Bila hiyo unanunua maneno. Udhaifu wake uko kwenye daraja la ukataji, ambalo GIA ilianza kulitoa kwa almasi za duara mwaka 2006. Yapo madaraja matano, na la juu kabisa, Excellent, ni pana mno. Ndani yake kuna mawe yanayowaka hasa, na yapo yaliyoachwa manene chini ili yasipoteze uzito. Mkataji ana sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa kukata duara hula jiwe ghafi. Almasi ya waridi iliyochimbwa Mwadui mwaka 1947 ilitoka ardhini ikiwa na karati 54.5, ikabaki 23.6 baada ya kukatwa duara. Bei nazo huruka kwenye karati 1.00, 1.50 na 2.00, kwa hiyo jiwe ambalo likikatwa vizuri lingebaki 0.93 mara nyingi hulazimishwa lifike 1.00.

Basi liache daraja, uende kwenye mchoro wa umbo uliomo kwenye ripoti. Namba zenye alama ya digrii ni mbili tu: pembe ya sehemu ya juu, na pembe ya sehemu ya chini inayochongoka. Tafuta 34 hadi 35 kwa juu na 40.6 hadi 41.0 kwa chini. Uso bapa wa juu uwe asilimia 54 hadi 58 ya kipenyo cha jiwe, na kina cha jiwe zima kati ya asilimia 60 na 62.4. Pembe hizi mbili zinafidiana: ya juu ikipanda digrii 1, ya chini ishuke takriban 0.2. Kwa hiyo 35 na 40.8 zinakwenda pamoja, vilevile 34 na 41.0. Ukikuta 35.5 na 41.2, achana nalo hata kama limeandikwa Excellent. Mwanga ulioingia juu utatokea chini badala ya kukurudia, na utaona mviringo wa kijivu chini ya uso bapa. Pembe ya chini ikishuka chini ya 40, kiuno cha jiwe, yaani ukingo unaotenganisha sehemu ya juu na ya chini, hujiakisi ndani kama duara jeupe. Wauza vito huliita jicho la samaki, na ukishaliona mara moja hutalisahau.

Namba hizo pia ni wastani wa vipimo vinane, tena zimekadiriwa: ya juu kwa nusu digrii, ya chini kwa 0.2. Jiwe lililokatwa ovyo upande mmoja linaweza kujificha nyuma ya wastani mzuri.

Kikokotoo cha HCA (Holloway Cut Adviser), kilichobuniwa na Garry Holloway wa Australia, kinachukua kina, uso bapa na pembe mbili, kisha kinatoa alama. Chini ya 2, jiwe linabaki kwenye orodha yako. Juu ya hapo, litoe. Kazi yake inaishia hapo. Wanunuzi wengi hukosea kwa kuhangaika kupata 0.8 badala ya 1.6, ilhali kikokotoo hakijaliona jiwe, kimesoma wastani uleule wa ripoti.

Ideal-Scope ndiyo tunayoipa alama za juu. Ni kilenzi chenye kiakisi chekundu unachokiweka juu ya jiwe lisilo kwenye pete, huku mwanga mweupe ukitokea chini yake. Nyekundu ni mwanga unaorudi kwa mtazamaji. Nyeusi ni kivuli cha kichwa chako mwenyewe, na kwenye jiwe zuri hujipanga kama mishale minane iliyolingana. Nyeupe ni mwanga unaovuja. Vidoa vidogo vyeupe pembezoni ni kawaida. Mviringo mweupe au wa waridi iliyopauka katikati ni sababu ya kulirudisha. Duka la mtandaoni likishindwa kukutumia picha hii, nenda kwingine. Usiipime almasi ikiwa kwenye pete, maana dhahabu ya nyuma huziba mwanga na kuficha uvujaji.

Taa za dukani hazipimi kitu: chini ya taa kali ndogo hata jiwe baya humetameta. Lipeleke dirishani pasipo jua la moja kwa moja, na uombe lisafishwe kwanza, kwa sababu mafuta ya vidole yakiganda upande wa chini huua mng'aro.

Kuhusu ukubwa, soma milimita kabla ya karati. Karati 0.70 iliyokatwa vizuri ina kipenyo cha karibu milimita 5.7, ya 1.00 ina 6.4 hadi 6.5, ya 1.50 karibu 7.4, na ya 2.00 karibu 8.1. Kutoka 5.7 hadi 6.5 eneo linaloonekana linaongezeka kwa takriban asilimia 30, na jicho linaliona. Karati 1.00 yenye milimita 6.2 ni ukubwa wa 0.90 kwa bei ya 1.00. Rangi na usafi usivigharamie kupita kiasi: kwa rangi, inayopimwa kwa herufi kuanzia D isiyo na rangi kabisa, chukua G au H kwa dhahabu nyeupe na J kwa ya njano; kwa usafi, daraja la VS2, lenye dosari ndogo sana, linatosha kabisa.

Masharti ya duka ya kubadilisha jiwe la zamani kwa jipya yasome kabla hujapenda jiwe. Maduka mengi hupokea almasi waliyouza wenyewe tu, ikiwa na ripoti yake na bila kumeguka, na baadhi hutaka jiwe jipya ligharimu angalau mara mbili ya la zamani. Almasi za maabara hufuata pembe zilezile, lakini mara nyingi hazipokelewi.

Mwisho ni sonara. Kishikio kilichotengenezwa kwa milimita 5.7 hakitashika 6.5, na kucha, yaani vijino vinavyolibana jiwe, zikipanuliwa kwa nguvu hubaki nyembamba na jiwe hudondoka. Lipia kishikio kipya. Kama kiuno cha jiwe ni chembamba sana, mwambie sonara mapema, maana hapo ndipo humeguka kucha zinapokunjwa. Ukirudishiwa pete, omba lenzi ya mara 10 usome namba iliyochorwa kwa leza kiunoni, uilinganishe na ya kwenye ripoti. Kama ripoti yako inataja namba hiyo, mwambie sonara tangu mwanzo asiifunike kwa kucha.