Buti za skii zinazofunguka nyuma: je, zinamfaa mwenye ulemavu wa mguu?

Buti ya skii (mbao za kutelezea thelujini) ya kawaida, yenye bizimu 4 mbele, haikubali mguu mpaka kifundo kikunjike ili kisigino kipite kona ya ndani ya buti. Mguu bandia hauwezi. Mguu uliovaa kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo hauwezi pia, na mwenye misuli inayokakamaa akilazimisha ndivyo inavyozidi kukaza. Hapo ndipo buti zinazofunguka nyuma, kama Nordica HF, zinapostahili sifa. Mgongo wa buti unalala, mguu unaingia kama kwenye ndara, kisha bizimu moja ya nyuma inafunga. Hata mwenye mkono mmoja huifunga mwenyewe.

Udhaifu wake uko kisiginoni. Kwenye buti ya kawaida, bizimu ya juu ya wayo hukisukuma kisigino nyuma na kukibana pale. Zinazofunguka nyuma kwa kawaida hazikibani kwa nguvu hiyo, na mguu uliokonda kwa polio hupwaya. Dawa ni bitana (buti laini ya ndani) inayofinyangwa kwa joto, pamoja na pedi zilizobandikwa nje ya bitana kuzunguka kifundo. Soksi ya pili hapana! Hujikunja, na kunjo moja likikaa chini ya mguu usiohisi, mwenyewe hajui mpaka kidonda kimeshatokea. Asiyehisi avue baada ya nusu saa ya kwanza, akague vifundo, kisigino na ubavu wa kidole kidogo. Wekundu usioondoka unataka ganda, yaani plastiki ngumu ya nje, lipanuliwe mahali hapo.

Kupima: toa bitana, ingiza mguu na kifaa chake kwenye ganda tupu, vidole viguse mbele. Nyuma ya kisigino ibaki nafasi ya mm 15 hadi 20. Saizi ni urefu wa wayo kwa sentimita, lakini 26 na 26.5 kwa kawaida ni ganda lilelile, kwa hiyo nusu saizi haimwongezei nafasi mwenye kifaa. Miguu ikitofautiana sana, mara nyingi ni kununua jozi mbili, na kila kifungio cha skii, kile kinachoshika buti kwenye skii, kipimwe kwa ganda lake.

Namba ya ugumu, yaani jinsi buti inavyokataa kukunjwa mbele, mfano 110, hailinganishwi kati ya watengenezaji. Kwa mguu bandia, mwinamo wa mbele wa buti ndio muhimu zaidi: mguu uliopangwa kwa kiatu cha kutembelea utalisukuma goti mbele, hivyo fundi wa mguu bandia aione buti kabla haijanunuliwa. Mguu mfupi usiinuliwe kwa kabari nene ya ndani, maana kisigino kitachomoka mahali pake. Kinyanyuzi kikae kati ya skii na kifungio. Kikibandikwa chini ya soli bila ncha za soli kuchongwa upya, kifungio huenda kisiachie buti mtu anapoanguka.

Ganda likilala penye baridi, plastiki hukakamaa na mdomo huo mpana haufunguki vya kutosha. Lipashwe joto kwanza, na mguu bandia uvishwe mfuko mwembamba wa plastiki ili uteleze ndani.