Lipu ya nje kwa nyumba ya zamani: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Nyumba ya mzee ikianza kubanduka lipu ya nje, watu wengi wanakimbilia duka la vifaa kuuliza sement bei gani leo, wakati kwenye kazi hii sement sio inayomaliza hela. Hela inaishia kwenye kutindua lipu ya zamani, kusomba kifusi, kukodi mirunda na ufundi, halafu kama hujajua kwanini ile ya kwanza ilianguka utalipia yote hayo tena baada ya masika mawili. Kwahiyo kabla ya kuchagua lipu chukua nyundo uzunguke nyumba.

Gonga ukuta mzima kwa mpini, panda ngazi mpaka chini ya paa. Palipo pazima panatoa mlio mkavu, palipoachia panalia kama debe tupu, hapo zungushia chaki. Angalia na chini, kama lipu imeoza usawa wa kozi (mistari ya tofali) tatu nne za kwanza na kuna unga mweupe wa chumvi, hayo ni maji yanapanda kutoka ardhini, mara nyingi kwasababu udongo wa uani umepandishwa miaka na miaka mpaka umeupita msingi au paa halina gata. Chimba uushushe udongo, funga gata, ziba bomba linalovuja, ndo uje kwenye lipu. Na nyufa, zile nyembamba kama unywele ni za lipu yenyewe, ila ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha na kidole cha mtoto kinaingia, huo ni wa msingi, weka alama ya penseli mwisho wake uone kama unatembea na umwite mtu anayejua misingi. Hakuna lipu ya kutibu huo.

Haya sasa, mpangilio wangu.

Namba moja kwa nyumba nyingi za tofali za block au tofali za kuchoma, hizi za miaka ya sabini na themanini: sement, chokaa na mchanga kwa pamoja, ndoo moja ya sement, moja ya chokaa ya mfuko, sita za mchanga. Mafundi wengi watakuangalia vibaya ukitaja chokaa, wamezoea sement tupu, lakini ukuta wa zamani ni laini na unacheza kidogo, lipu ngumu kuliko ukuta inapasuka halafu inabanduka kwa mapande makubwa. Chokaa inaifanya lipu iwe laini mkononi, ishike vizuri na iruhusu unyevu kutoka. Wala sio kitu cha kutafuta mbali, Tanga tu hapo kuna viwanda vya chokaa. Sement chukua ya 32.5 (hiyo ni namba ya nguvu, imeandikwa kwenye mfuko), ile ya 42.5 ni ya zege, nguvu zaidi kwenye lipu maana yake nyufa zaidi na umelipa zaidi pia.

Hesabu yake iko hivi. Nyumba ya mita 12 kwa 10 mzunguko wake ni mita 44, ukuta wa mita 3 unapata mita za mraba 132, toa milango na madirisha zibaki kama 115. Lipu ya milimita 15, ukiweka na ya kumwagika pamoja na ukuta usionyooka (na wa zamani haujanyooka, usijidanganye), unahitaji mifuko 10 au 11 ya sement ya kilo 50, chokaa mifuko 8 ya kilo 25 na mchanga mita za ujazo 2 na nusu hivi. Ongeza mifuko 4 mpaka 6 ya sement kwa ajili ya kurushia ukuta kwanza ule uji mzito wa sement na mchanga ili lipu ipate pa kushika, hatua hii mafundi wa haraka wanairuka. Zidisha kwa bei ya dukani kwako, maana bei ya mfuko Dar na bei ya Kigoma haziwezi kuwa sawa.

Namba mbili, ila kwa nyumba za mawe ya matumbawe hii ndo namba moja na nyingine zote usiziguse: lipu ya chokaa tupu na mchanga. Naongelea nyumba za zamani za Tanga, Bagamoyo, Pangani, Mombasa, Lamu, Unguja. Kuta zile zinanyonya maji na kuyapumua, ukizivalisha sement maji yanafungiwa ndani, chumvi inakusanyika nyuma ya lipu na jiwe lenyewe linaanza kuwa unga. Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, imeanza kujengwa 1593 kwa matumbawe na chokaa, sement ya Portland imekuja kupata hataza Uingereza 1824, kwahiyo usikubali mtu akwambie chokaa haidumu. Shida yake ni muda, inapigwa kwa tabaka nyembamba na kila tabaka lisubiriwe likauke, na mafundi wanaoijua ni wachache kwahiyo ufundi utakuwa juu kuliko vifaa. Juu yake paka chokaa ya maji, sio rangi ya mafuta. Na kama nyumba iko Mji Mkongwe Zanzibar, ambao ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, kibali kwanza ndo ufungue mfuko.

Namba tatu ni viraka. Kama zile chaki zako hazijafika hata theluthi ya ukuta sioni sababu ya kutindua nyumba nzima. Kata kiraka kwa mistari iliyonyooka mpaka ufike penye lipu nzima, lowesha kingo, piga mchanganyiko uleule wa namba moja, na pale tofali linapokutana na nguzo ya zege weka wavu wa kuku kwanza, hapo ndo panapopasuka siku zote. Kitakachokusumbua ni muonekano, viraka vitaonekana mpaka upake rangi nyumba nzima. Chaki zikizidi nusu achana na viraka, tindua yote.

Nne ni sement tupu na mchanga, moja kwa tano. Kwa nyumba ileile ya juu inakula kama mifuko 14 bila ya kurushia. Ndo inayopigwa kila mahali na kwenye ukuta imara wa block haina neno. Kwenye tofali za kuchoma zilizochoka au matumbawe, hapana.

Mwisho kabisa naweka vitu vya kufunika: rangi nzito za michirizi, vigae na mawe ya kubandika. Vinapendeza siku ya kwanza, ila ukibandika kigae juu ya lipu iliyoachia umeongeza tu uzito wa kitu kinachotaka kuanguka. Na skimingi (ule upako mwembamba wa kulainisha ukuta) ya jipsamu nje usikubali kabisa hata fundi akwambie ni bei poa, jipsamu na mvua haviendani, kama unataka ulaini tumia poda ya sement nyeupe iliyoandikwa ya nje.

Mchanga ndo watu wanaharibia. Wa baharini una chumvi, usiletewe. Hata wa mto weka kidogo kwenye chupa ya maji, tikisa, acha mpaka kesho, ukiona tabaka nene la tope juu mrudishie mwenye lori. Sement nayo ipapase, yenye mabonge ilishakaa sana stoo.

Kwenye bajeti andika kila kitu fungu lake: kutindua, kifusi, mirunda, vifaa, ufundi, maji, rangi, halafu 15 mpaka 20 kwa mia pembeni kwasababu ukuta wa zamani ukifunguliwa lazima utakuta kitu, waya za umeme zilizochoka au mbao ya dirisha iliyoliwa na mchwa. Madirisha kama unabadilisha kuwa ya aluminiamu, badilisha kabla ya lipu. Maji usiyasahau, lipu inamwagiliwa wiki nzima, na kama mtaani kwenu kuna mgao basi boza liwemo kwenye hesabu.

Kwa Pwani fanya Juni mpaka Septemba, masika yamepita na vuli bado. Asubuhi mafundi wapige ukuta wa magharibi, jioni wa mashariki, wakae kivulini muda wote maana lipu iliyokaushwa na jua la saa saba inachanika kabla hujamaliza chai. Malipo kwa mita ya mraba ni bora kuliko kwa siku, na yatoke kwa awamu: baada ya kutindua, baada ya kurusha, baada ya lipu, na kipande cha mwisho kibaki mpaka upite tena na mpini wa nyundo wiki ya pili. Rangi isubiri mwezi.