Tangi la pikipiki kuukuu: kabla hujatoa hela, pangusa tumbo la kulia

Mwaka jana mwezi wa nne nilikuwa natoka Kiwira, napandisha kurudi Uyole, hapa Mbeya, na mikungu miwili ya ndizi nyuma, mvua ya Rungwe inanyesha kama kawaida yake. Pikipiki ikaanza kukwamakwama, halafu kimya. Nikapeleka mkono chini ya tangi. Kushoto pakavu. Kulia panachuruzika petroli. Tangi hilo lilikuwa na miezi mitano tu. Nililinunua Mwanjelwa kwa 75,000, jekundu linang'aa, na muuzaji aliniapia kuwa ni orijino.

Siku ya kununua nilikagua anavyokagua kila mtu: rangi, kifuniko, kama linakaa vizuri kwenye fremu. Hayo sitayaeleza hapa, hata mtoto anayaona. Nilichokiacha ndicho kilichoniumiza, na mafundi niliowauliza tangu hapo, wengi nao hawakiangalii.

Pindua tangi ulitazame kwa chini. Utaona lina matumbo mawili, kwa sababu katikati pana mfereji wa kukalia bomba la fremu. Pikipiki nyingi tulizonazo huku zina koki moja tu ya petroli, nayo iko kushoto kwa aliyekaa kwenye kiti. Sasa maji ni mazito kuliko petroli, yakiingia yanazama. Ya kushoto yatatoka kwenye koki, yatakusumbua kwenye kabureta, utayamwaga, yameisha. Ya kulia hayana mlango. Mafuta yakishashuka chini ya ule mfereji, kilichobaki kulia kinakaa hukohuko wiki kwa wiki, kinakula bati taratibu kuanzia kwenye mshono. Na huku kwetu maji hayakosi pa kupitia. Mpira wa kifuniko ukikauka, mvua inapenya. Mafuta ya chupa ya barabarani mara nyingi huja na maji yake. Baridi ya Juni na Julai nayo ikilikuta tangi nusu tupu, hewa ya ndani inaacha umande kwenye bati usiku kucha.

Kipimo changu ni hiki. Chukua waya mgumu, ufunge kitambaa cheupe nchani, uingize kwenye mdomo wa tangi, uukunje kuelekea kulia mpaka chini kabisa, upanguse. Usitegemee tochi ya simu, mwanga haufiki huko. Kitambaa kikitoka na vumbi la rangi ya chungwa, hiyo ni kutu ya juujuu, inatibika. Kikitoka na magamba meusi mazito, bati limeshaliwa. Halafu pitisha sumaku kwa nje kwenye mshono wa chini, hata ya spika mbovu inatosha. Mahali ambapo haishiki pana putii, na rangi imepakwa juu yake kukuficha.

Ukishapima, matangi ya kutumia mimi ninayapanga hivi, nikianza na lililo bora.

La kwanza ni tangi lako mwenyewe, kama ni la Honda ya zamani. Sifichi, mimi ni mtu wa Honda. Ninaendesha CG125 aliyoniachia marehemu baba, na tangi lake fundi mmoja aliniambia nilitupe kwa sababu ya vitundu vitatu, ndipo nikaenda kununua lile jekundu. Bahati nzuri sikulitupa, lilikuwa stoo juu ya magunia ya mkaa. Niliyaweka yote mawili mezani nikayabonyeza kwa dole gumba. Jekundu lilibonyea kama kopo la maziwa, la baba halikutikisika.

Kulitengeneza ni kazi ya siku kadhaa, usikubali anayekuambia saa mbili. Toa koki, ziba tundu lake, osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara nyingi mpaka harufu ya petroli iishe. Hapo usiwe na haraka hata kidogo: tangi tupu lenye mvuke linalipuka vibaya kuliko lililojaa, na cheche moja ya fundi inatosha. Fundi anayejua atalijaza maji na kuacha wazi sehemu ndogo tu anayochomelea. Mwambie atumie gesi na kijiti cha shaba. Umeme unatoboa bati jembamba, kitundu kimoja kinakuwa vitatu.

Vitundu vikishazibwa ndipo unaondoa kutu. Mimi nilijaza siki nyeupe nikaiacha siku mbili, nikatia nati za zamani ishirini na kutikisa, upande wa kulia zaidi. Nati uzihesabu zikiingia na zikitoka. Suuza, pitisha maji yenye magadi soda ili kuua ukali wa siki, suuza tena, kisha likaushe upesi, maana bati lililo uchi linaanza kurudisha kutu ndani ya saa moja. Nilikwenda saluni ya jirani nikaazima draya. Mwisho nilimimina POR-15, rangi ya ndani ya matangi ambayo shemeji alinitumia kutoka nje, nikaligeuzageuza tangi mpaka tumbo la kulia likalowa lote, iliyozidi nikaimwaga. Maelekezo yake yanataka siku nne za kukauka. Kwa baridi ya Mbeya niliiacha wiki nzima. Leo ni mwaka na zaidi, kitambaa kinatoka cheupe.

La pili ni tangi la mtumba la Honda lililotolewa kwenye pikipiki iliyokufa. Chagua lile baya lenye rangi iliyobabuka, kutu yake unaiona. Lililopakwa rangi jana liogope.

La tatu ni jipya kutoka kwa wakala wa pikipiki yako. Bei inauma, ila kuna mtu wa kumrudia.

Yale mapya ya bei rahisi yasiyo na jina, sina la kuongeza zaidi ya niliyokwisha kusimulia. Gundi ya chuma ya kuzibia ufa ni ya kukufikisha nyumbani tu. Siku ile ya Kiwira mimi sikuwa hata nayo, nilisugua kipande cha sabuni ya mche kwenye ufa na kikanifikisha Uyole.

Kinachonikera mpaka leo ni wauzaji. Niliporudi dukani na lile tangi, muuzaji alinionyesha maandishi ya ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Risiti aliyonipa ni karatasi ya mkono isiyoandikwa hata jina la kilichouzwa. Na kila nikilalamikia bei naambiwa ni usafiri kutoka Dar. Ni kweli ni zaidi ya kilomita 800, lakini dereva wa bodaboda aliyeingia nyuma yangu alitajiwa 60,000 kwa tangi lilelile, nimesimama hapohapo nasikia. Mimi niliitwa dada, yeye akaitwa bosi, na tofauti ikawa 15,000.

Siku hizi waya na kitambaa vinakaa kwenye mkoba wangu. Muuzaji akikataa nisipanguse ndani, naliacha tangi lake mezani nakwenda duka linalofuata.