TAHADHARI: Huyu "mnunuzi wa Linden" anayezunguka Kigoma ni tapeli

Wa Mwanga, wa Gungu, wa Ujiji, na nyie wa Kasulu mnaohangaika na Second Life, ule ulimwengu wa kwenye kompyuta wenye hela yake inayoitwa Linden: huyu jamaa anayejiita wakala wa kununua Linden msimtumie hata moja. Kanipiga Linden elfu 60. Kwa bei ya LindeX, soko lao rasmi la kubadilishia Linden, dola moja inazunguka kwenye Linden 250 hivi, kwa hiyo hapo ni kama dola 240, karibu laki sita ya kwetu. Na mnajua zimetoka wapi. Ni yale mashati ya kitenge ninayowashonea avata, yaani vile vibonzo vyetu vya mle ndani, usiku wakati nyie mmelala.

Najua kuna watakaosema "si tulikwambia". Nyamazeni kwanza.

Huyu hakuwa mtu wa simu tu. Alikuja dukani, akakaa kwenye benchi lile lile mnalokaa nyie, akanisalimia Kiha kilichonyooka, tukaenda kula ugali wa muhogo na migebuka, akalipa yeye. Tangu kabla ya mfungo alikuwa ananunua kidogo kidogo na hela inaingia kweli, nikienda kutoa natoa. Kazi anaijua: kodi za viwanja, kupakia nguo, duka lipi linauza na lipi limekufa. Akanisimulia habari za Anshe Chung, yule mama mzaliwa wa China aliyekuwa akiishi Ujerumani, aliyetokea kwenye jalada la jarida la BusinessWeek mwaka 2006 kwa utajiri wa kuuza na kukodisha ardhi ya humo humo ndani. Na hiyo ni kweli kabisa, someni. Tapeli mwenye habari za kweli ungemjulia wapi?

Halafu tusidanganyane, kutoa hela mwenyewe ni shughuli. Uuze Linden zako LindeX upate dola, dola uzipeleke PayPal au Skrill, wakuombe kitambulisho, wakate ada, usubiri. Kwa sisi wa huku hata hiyo akaunti ya kupokelea ni mtihani. Anakuja mtu anasema nakuwekea kwenye simu sasa hivi, wewe ungemfukuza?

Sasa ile siku. Ijumaa baada ya magharibi, umeme umerudi, wote tuko ndani ya Second Life. Avata yake imesimama mbele ya duka langu, imevaa shati langu la bluu lenye samaki, ambalo nilimpa bure! Akaandika, "Kaka nishatuma, cheki simu." Simu ikatetemeka mezani. Ujumbe umekamilika: imethibitishwa, umepokea 640,000, namba ya muamala, jina lake, tarehe, saa, salio jipya, mpaka ile shukrani ya mwisho. Nikamwita mama Zuwena atoke jikoni aone. Akasema, "Alhamdulillah, ada ya mtoto hiyo." Nikabofya avata yake, nikachagua kulipa, nikaandika 60000, kile kisauti cha sarafu kikalia. Jamaa akanipungia mkono, akayeyuka palepale na shati langu.

Asubuhi nipo kwa wakala, foleni imejaa akina mama waliotoka Kibirizi na ndoo zao za dagaa. Natoa laki tano, simu inasema salio halitoshi. Narudia. Halitoshi. Mama mmoja nyuma yangu anasema, "Baba, tupishe wenye hela." Nikamfungulia wakala ule ujumbe asome. Hakumaliza hata mstari wa pili, akacheka: "Hii imetoka kwenye namba ya mtu." Na kweli, meseji zangu zote za hela zimepangana sehemu moja tangu ninunue ile simu, hii ilikuwa imekaa peke yake chini ya namba ya kawaida. Foleni nzima ikasikia.

Nikapiga, hapatikani. WhatsApp tiki moja, picha imeondoka. Kituo cha polisi nimepewa RB, ile namba ya kesi, ingawa askari aliniuliza Linden ni hela ya nchi gani. Wenye Second Life nao nimewaandikia, lakini ukishamlipa mtu mle ndani hakuna kitufe cha kurudisha.

Mimi nataka akamatwe. Laini siku hizi zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo mwenye ile namba ana jina na ana kwao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, imetungwa kwa ajili ya nani kama si huyu? Akalale gereza la Bangwe. Akitoka, arudi tena Bangwe. Na aliyemuelekeza dukani kwangu, najua unasoma hapa, tutaonana.

Mnaouliza mngemtambuaje: bei yake ilizidi ya LindeX, sasa faida angeipata wapi? Kila akija mle ndani avata ina jina jipya, anasema ile ya zamani imefungwa. Na anataka umlipe akiwa yuko hewani na wewe, anakuharakisha. Angalieni salio lenyewe, meseji achaneni nayo. Linden Lab, kampuni yenye Second Life, wenyewe wanasema kubadilisha Linden kuwa hela ni kupitia LindeX tu, kwa hiyo ukiuza pembeni ukapigwa, huna wa kumlilia. Namba ikikutumia ujumbe kama ule, iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa 15040.

Na wewe kijana wa Ujiji uliyeniandikia jana kwamba una miadi na mnunuzi Jumamosi, anayependa migebuka na anaongea Kiha vizuri: usimlipe kitu. Mkubalie miadi, nitumie mahali na saa, mimi nakuja na RB yangu na askari.