Kijana Mpiga Kiwi Aliyeharibiwa kwa Mng'ao: Uzoefu Wangu na Nakala ya Louay Kayyali

Nilinunua nakala ya mchoro wa Louay Kayyali unaomwonyesha kijana mpiga kiwi, kutoka duka moja la mtandaoni ambalo sitalitaja, na tangu iliponifikia miezi kadhaa iliyopita hasira yangu haijatulia. Fremu ni nzuri na mzigo haukuchelewa, hayo nayakubali. Lakini wameichapa kwenye karatasi ya kung'aa, kiasi kwamba mchana naliona dirisha la sebuleni vizuri zaidi kuliko ninavyomwona kijana mwenyewe. Ni kana kwamba picha nzima imepigwa kiwi.

Anayemfahamu Kayyali ataelewa ukubwa wa kosa hili. Mchoraji huyu wa Syria, aliyezaliwa Aleppo mwaka 1934 na kusomea sanaa Roma, alipenda kupaka rangi zake juu ya hadibodi, ubao unaonyonya mafuta na kuiacha rangi ikiwa kavu, yenye mikwaruzo midogo midogo. Juu ya ukavu huo ndipo inapopita mistari yake mizito inayozunguka bega, mkono na shingo bila kusitasita, huku nyuma ya mtu kukiwa hakuna karibu kitu chochote: hakuna mtaa, hakuna wapita njia. Wavuvi, wachuuzi na wanawake wanaoshona aliwachora hivyo hivyo, wametulia, macho yao mara nyingi yakikukwepa, na kwa jinsi ninavyoona mimi, utulivu huo ndio unaowalinda wasigeuzwe kuwa watu wa kuonewa huruma. Ukiongeza mng'ao, ulinzi huo umekwisha.

Nilipopiga simu kulalamika, kijana aliyepokea alinijibu bila hata kunisikiliza hadi mwisho: "Mama, hiyo tumeiboresha. Hata msanii mwenyewe angefurahi."

Angefurahi! Kayyali aliyefariki mwaka 1978 kwa majeraha ya moto hawezi kuulizwa, lakini mwaka 1967 alionyesha michoro ya mkaa kuhusu masaibu ya Waarabu, wahakiki wakaishambulia, vita vya Juni kati ya Waarabu na Israeli vikaja, Waarabu wakashindwa, naye Kayyali akaiharibu michoro hiyo kwa mikono yake mwenyewe na kuacha kuchora kwa muda mrefu. Mtu wa namna hiyo hakuwa mwepesi wa kuridhika, hata na kazi yake mwenyewe, na sidhani angevumilia karani wa duka amrekebishie.

Nilikusudia kutoa nyota moja. Hata hivyo, ni lazima niseme kwamba jioni, mwanga wa dirishani unapopungua, ule mstari wa mgongo ulioinama hujitokeza ukiwa mzima, na najikuta nimesimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Basi nyota tatu, na zote tatu ni za Kayyali. Lakini kila nikiikumbuka ile kauli ya "tumeiboresha", naona hata tatu ni ukarimu uliopitiliza, kwa hiyo ziwe mbili. Fedha zangu nimezidai kwa maandishi, na nakala hii nitairudisha siku watakaponiletea nyingine iliyochapwa kwenye karatasi isiyong'aa, si kabla ya hapo.